Kwa Habari ya Chale, Nembo na Alama za Mwilini

Katika kikao kimoja cha wazee wa usharika wetu liliingia shauri ambalo hatukulitazamia. Mwalimu wa kipaimara alileta majina ya vijana waliomaliza mafundisho yao, na jina moja likazuiliwa. Kijana mwenyewe aijua Katekisimo kuliko wengi wa wenziwe. Hakosi ibada, wala hakuna aliyemshitaki kwa ulevi au kwa uasherati. Lililomzuia ni mkono wake wa kushoto. Alipokuwa mjini akitafuta kazi, alichorwa kwa sindano jina la mama yake aliyefariki, na chini ya jina msalaba, alama ile ambayo vijana huiita tatuu. Mzee mmoja akafungua kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 19, mstari wa 28, akausoma kwa sauti kuu, kisha akafunga Biblia kama mtu aliyemaliza kazi.

Tuliomba shauri lingoje mwezi mmoja. Hatukufanya hivyo kwa kuogopa neno lililosomwa. Tuliona ya kuwa sote twalihukumu jambo ambalo bado hatujalipambanua, maana katika chumba kile kila mtu alisema "alama" na kila mtu alikuwa na alama nyingine moyoni mwake. Haya tuyaandikayo ni mawazo ya mwezi ule.

Lugha yetu yenyewe yatufundisha kupambanua. Chale ni mkato mdogo wa wembe. Nembo ni mchoro uliokatwa mwilini ili uwe pambo, au ili mtu ajulikane ni wa watu gani. Chapa ni alama atiwayo mnyama au kitu ili mwenye mali ajulikane. Mtu akisema, "Huyu ana nembo," amemtaja kwa watu wake. Akisema, "Huyu ana chapa," amemfanya kuwa ng'ombe. Wazee wetu hawakuyatenga maneno haya bure.

Kisha tutazame kazi zenyewe zinavyofanyika. Hapo twaona ya kuwa ngozi ya mwanadamu imeandikwa kwa njia nyingi, na kila watu wamefuata njia iliyofaa kwa rangi yao na kwa vyombo vyao. Mahali ambapo ngozi ni nyeusi sana, wino hauonekani vema, na kwa sababu hiyo watu wengi wa Afrika hawakutafuta rangi, bali walitafuta kovu. Wanuer wa Sudan Kusini walimkata kijana mistari sita katika kipaji cha uso, toka sikio hata sikio, siku ya kutoka utoto. Tangu siku hiyo hakuruhusiwa tena kukamua ng'ombe, kwa kuwa kukamua ni kazi ya wanawake na watoto. Huku kwetu kaskazini ya Tanzania, wanawake wa Kidatoga walizungushiwa macho kwa duara za makovu madogo madogo, na wako wazee kati yao ambao uso wao bado wazisema duara zile.

Wamakonde walifuata njia ya katikati, na kazi yao twataka kuikalia kidogo, kwa sababu tutakayoieleza mbele. Fundi wa Kimakonde hukata ngozi kwa kisu kidogo, kisha husugua ndani ya mikato ile masizi ya mbarika, na kumwacha mtu apone. Baada ya kupona alama huwa hafifu. Basi hukatwa tena juu ya mistari ile ile na kusuguliwa tena, hata ipate kuwa nyeusi ya bluu yenye kudumu. Mifano yake ni mistari iliyonyoka, pembe, na misumeno inayopanda mashavuni, tena kifuani na tumboni. Fundi alikuwa mtu wa kulipwa na kuheshimiwa, na nembo zile zile huonekana katika nyuso za vinyago vya mapiko, hata mtu aweza kusema ya kuwa mti na ngozi vilisoma katika shule moja. Katika nyanda za juu za Mueda na Newala kazi hiyo ilianza kupungua katika miaka ya 1960, nao waliokatwa utotoni sasa ni wazee sana.

Visiwani mwa bahari ya Pasifiki njia ni nyingine. Wasamoa huchukua chombo kama kichana chenye meno makali, hulichovya katika masizi, na kulipiga kwa kijiti, ko, ko, ko, siku baada ya siku. Mwanamume huchorwa tangu kiunoni hata magotini; akishindwa na maumivu akaiacha kazi katikati, aibu yake haifutiki. Wamisionari waliofika huko tangu mwaka 1830 walijitahidi kuikomesha desturi hiyo, wala hawakuweza. Neno lile la tatuu lenyewe limetoka katika lugha za visiwa hivyo. Wamaori wa New Zealand walitumia patasi ndogo ya mfupa, nayo iliacha mifereji usoni kama mti uliochongwa. Na uso wa mtu ulikuwa wake peke yake hata wakubwa wengine, walipotia sahihi Mapatano ya Waitangi mwaka 1840, hawakuandika jina bali walichora sehemu ya alama za nyuso zao. Wajapani walitumia sindano zilizofungwa katika kijiti. Na mwaka 1891 fundi mmoja wa New York, Samuel O'Reilly, alipata hati ya serikali kwa mashine ya umeme aliyoitengeneza kwa kufuata kalamu ya umeme ya Edison. Mashine za namna hiyo ndizo zilizomchora kijana wetu. Sindano hupita ngozi ya juu, ambayo hupukutika siku zote, na kuuacha wino katika ngozi ya pili, isiyopukutika. Kwa hiyo alama haitoki kwa maji wala kwa majuto.

Basi, kwa wembe, kwa kichana, kwa patasi, kwa sindano: je, tofauti hizi zatusaidia kujua lililo jema na lililo baya? Twasema hapana. Fundi aliye hodari aweza kuchora uovu vizuri sana. Tofauti iliyo kubwa haimo katika chombo wala katika mchoro. Imo katika maswali mawili: ni nani aliyetaka alama hii iwepo, na alama yenyewe yasema mtu huyu ni wa nani?

Tazameni kwanza alama iliyotiwa na mwenye nguvu juu ya asiye na nguvu. Wayunani na Warumi wa kale walichora nyuso za watumwa waliotoroka na za wafungwa, na alama hiyo waliiita stigma. Kaisari Konstantino, mwanzoni mwa karne ya 4, alitoa amri ya kuwa waliohukumiwa wasiandikwe tena usoni, kwa sababu uso umeumbwa kwa mfano wa uzuri wa mbinguni. Lakini mikononi na miguuni akaruhusu, nayo ilikuwa nusu ya rehema. Japani nayo iliwachora wahalifu mikono kwa muda mrefu. Na katika kambi ya Auschwitz, tangu mwaka 1941, watawala wa Ujerumani wa wakati wa Hitler waliwachora wafungwa namba, wengi wao Wayahudi, katika mkono wa kushoto, ili jina lisiwe na kazi tena. Sisi Walutheri haifai tuipite habari hiyo upesi, kwa maana nchi iliyotuletea Katekisimo ndiyo iliyofanya hayo, na kati ya waliofanya walikuwapo watu waliobatizwa. Hiyo ndiyo chapa yenyewe. Wala dhambi yake haikuwa katika wino.

Sasa tazameni upande wa pili. Wakristo wa Kikopti wa Misri huchora msalaba mdogo ndani ya kifundo cha mkono wa kuume, hata watoto wao. Wameishi karne nyingi wakiwa wachache katika nchi yao, na msalaba ule hauwaachii nafasi ya kukana. Wanawake wengi wa Kikristo wa Ethiopia wamechorwa msalaba katika kipaji cha uso. Waliohiji Yerusalemu, kwa mamia ya miaka, walirudi na msalaba mkononi uliopigwa kwanza kwa mhuri wa mti, kisha ukafuatishwa kwa sindano. Hata katika Uingereza, mkutano mmoja wa kanisa katika karne ya 8 uliwakataza watu kujichora kwa desturi za kipagani, lakini ukasema ya kuwa mtu akivumilia maumivu hayo kwa ajili ya Mungu, thawabu yake ni kubwa. Wazee wale wa kale waliuliza swali lile lile tuulizalo: kwa ajili ya nani?

Lakini labda msomaji atasema, Mchungaji azunguka mbali, na mstari wa Walawi ungalipo. Ndiyo, upo, nasi hatutaki kuupita. Mstari huo wakataza kujikata mwili kwa ajili ya wafu na kujiandika ngozini. Mstari uliotangulia wakataza kunyoa pembe za ndevu, na mstari wa 19 wa sura iyo hiyo wakataza kuvaa nguo iliyofumwa kwa nyuzi za namna mbili. Mzee aliyetusomea alikuwa amenyoa ndevu zake vema, tena amevaa suti ambayo hatudhani ilikuwa ya sufu tupu. Hatusemi haya kwa mzaha. Martin Luther alifundisha mwaka 1525 ya kuwa Musa alipewa Wayahudi kuwa mtoa sheria wao, na ya kuwa sisi twamfuata pale anapokubaliana na sheria iliyoandikwa moyoni mwa kila mtu, tena twamsoma kwa ajili ya ahadi za Kristo zilizomo. Kwa hiyo haitoshi kusema, "Imeandikwa," bila kuuliza imeandikwa kwa nani na ili kulinda nini.

Ililinda nini? Watu waliokaa kandokando ya Israeli walijikata walipoomboleza, na manabii wa Baali walijikata hata damu ikachuruzika ili mungu wao awasikie, kama tusomavyo katika 1 Wafalme 18. Hata Waisraeli walifanya hivyo: katika Yeremia 41 twaona watu themanini waliojikata miili wakija na sadaka kwenye nyumba ya Bwana, wala mwandishi wa sura ile hakutia neno la kuwalaumu. Twaona, basi, ya kuwa sheria yalinda jambo moja kubwa: damu ya mtu isiwe fedha ya kumnunua Mungu, wala mwili usiwe mali ya wafu. Nabii Isaya, naye, hakuona haya kusema ya kuwa mtu atajiandika mkononi ya kwamba ni wa Bwana (sura ya 44), na ya kuwa Mungu mwenyewe amewachora watu wake katika viganja vyake (sura ya 49). Na Mtume Paulo, alipomaliza waraka wake kwa Wagalatia, alitumia neno lile lile la stigma, la watumwa waliotiwa alama, akalichukua kuwa sifa yake. Makovu aliyopigwa kwa fimbo na kwa mawe alisema ni alama za Yesu.

Hapa yatupasa kuungama neno letu wenyewe. Tulipokuwa tu vijana katika kazi, alikuja usharikani bibi mmoja wa Kimakonde kukaa kwa mwanawe. Nembo zilimjaa usoni, tangu kipajini hata kidevuni. Alibatizwa tangu ujana wake, naye alizijua nyimbo nyingi kwa moyo. Watoto wa shule ya Jumapili walimwogopa, na baadhi ya mama wakanong'ona. Nasi, kwa kutaka amani, tulimwendea tukamwomba kwa upole aketi nyuma, tena ajifunike kitenge. Hakukataa. Aliketi nyuma.

Siku moja tulipomtembelea, alituuliza, "Mwanangu Mchungaji, siku ya kufufuka, nitafufuka na uso huu?"

Tulimjibu haraka, kama mtu atoaye jibu la mtihani, "Bibi, usiogope, Mungu atakupa uso mpya."

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Basi mama hatanijua."

Tukaona ya kuwa hakuuliza kwa hofu. Uso ule mama yake ndiye aliyempeleka kwa fundi, akamshika kichwa alipokatwa, akampaka mafuta jeraha zilipopona. Aliyetaka alama ile iwepo ni mtu aliyempenda, na alama ilisema, "Huyu ni binti wa watu fulani, amevumilia, amekua." Ni kweli alikuwa mtoto, na mtoto hakuulizwa, neno hilo hatulifichi, na leo tusingependa mtoto ye yote akatwe uso kabla hajaweza kusema ndiyo au siyo. Lakini sisi, tuliosoma seminari, tuliiona nembo ya mapenzi tukaitendea kama chapa ya aibu. Tena Injili ya Yohana, sura ya 20, ilikuwa mkononi mwetu siku ile ile. Bwana alipofufuka hakuja na ngozi mpya isiyo na historia. Alikuja na makovu, na kwa makovu Tomaso alimjua. Jibu hilo lilitujia baada ya miaka, na bibi alikuwa amekwisha kuzikwa.

Sasa tuje kwa alama zilizo ndogo kuliko zote, ambazo hakuna mtoto azioneaye hofu. Ni chale zile za wembe, mbili au tatu, katika kifundo cha mkono, katika kiungo cha bega, kifuani chini ya shati. Kwa habari hizo pia tusiseme neno moja juu ya zote. Mwaka 1991 katika barafu ya milima ya Alps, mpakani mwa Austria na Italia, ilionekana maiti ya mtu aliyekufa zaidi ya miaka 5000 iliyopita, naye alikuwa na alama 61, mistari na misalaba midogo, nyingi karibu na viungo vyake vilivyouma: kiuno, magoti, vifundo vya miguu. Wenye elimu wengi wadhani alitiwa ili kutuliza maumivu. Bibi zetu nao walichanja mtoto mwenye kuumwa na kichwa, wakampaka dawa ya majani, bila kutaja pepo wala mzimu. Kwa hizo twasema tu: wembe mmoja usipite kwa watu wawili, maana pepopunda, homa ya ini na UKIMWI huingia kwa mlango huo huo, na hospitali ipo.

Lakini ziko chale za kinga. Mtu huenda kwa mganga usiku, huchanjwa, husuguliwa dawa ndani ya jeraha, naye huambiwa ya kuwa sasa adui hatamweza, kazi haitamponyoka, mchawi atapita mbali. Hapo swali letu la pili lapata jibu ambalo laumiza. Alama yasema mtu huyu ni wa nani? Yasema, "Huyu ni wa hofu yake." Mtu aliyetiwa ishara ya msalaba alipobatizwa, katika kipaji cha uso na kifuani, akaambiwa mbele ya usharika ya kuwa ni wa Kristo, naye sasa amekwenda kutafuta bwana wa pili gizani. Nasi twajua, walimu na wachungaji twajua, ya kuwa chale hizi hazimo kwa wapagani peke yao. Zimo katika mikono iliyovaa saa nzuri. Zimo katika mikono inayopokea sadaka.

Ni ajabu ya kanisa letu, basi, ya kuwa tumekuwa wakali kwa alama tunazoziona, na wapole kwa zile tusizoziona. Nembo ya bibi ilikuwa wazi, ikahukumiwa. Tatuu ya kijana iko mkononi wazi, imehukumiwa. Chale ya kinga yakaa chini ya nguo, nayo yaketi barazani pamoja na wazee.

Kwa habari ya kijana, tulimwita, tukaketi naye peke yetu. Tulimwuliza maswali yale mawili. Akasema aliyetaka alama ni yeye mwenyewe, mwezi wa tatu baada ya mazishi, kwa kuwa hakuwa na picha ya mama yake, naye aliogopa kusahau. Tukamwuliza kama adhani mama yake amlinda kwa alama ile. Akacheka kidogo, akasema, "La, Baba Mchungaji. Mimi ndiye nimlindaye yeye, asipotee." Tukamwuliza kwa nini basi aliweka msalaba chini ya jina. Akasema ya kuwa mchoraji alitaka kuchora ua, naye akamkatalia. Tulimwambia wazi ya kuwa tungalipenda asiufanye mwili wake kitabu cha kila jambo, maana moyo hubadilika na wino haubadiliki, na mjini vijana wengi huchorwa kwa kuigana tu, kisha huficha mikono wakienda kuomba kazi. Alikubali kwa adabu. Hatujui kama alisadiki. Lakini hatukuona kwake kuabudu wafu ambako Musa alikukataza. Tuliona kilio.

Mwezi ulipotimia tuliwasimulia wazee hayo yote, na habari ya bibi pia, jambo ambalo halikuwa jepesi kulisema. Kisha tukasema, "Kabla hatujauhukumu mkono wa kijana, tuulizane kwanza sisi kwa sisi. Kuna mtu kati yetu aliyechanjwa kinga baada ya kubatizwa?"

Kimya kilikuwa kirefu. Mzee yule aliyetusomea Walawi akatazama meza. Akaifungua saa yake, akaiweka chini polepole, akageuza mkono. Palikuwa na chale tatu, za zamani, zimefifia. Akasema alichanjwa mwaka ule alipogombana na nduguye kwa ajili ya shamba, akawa halali usingizi usiku. Na tangu siku ile, kila aendapo kwenye Meza ya Bwana, hupokea kwa mkono mwingine.

Mzee wa pili akaanza kufungua vifungo vya shati lake.

Kikao kile kilichukua hata usiku. Tuliomba pamoja na kila mmoja kwa jina lake. Jina la kijana tuliliandika mwisho, kabla ya kufunga, wala hapakuwa na aliyelipinga.